Dereva wa semi, kuli wa Sido na mpasua mbao wa Mafinga: nani moyo wake uko salama?

Mwana_Uyole (#1)
Wakuu habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa uzito maana linatumaliza wanaume wa huku kwetu na tunalichukulia kawaida. Mtaani kwangu Uyole, Mbeya, tumezika dereva wa semi, mtu wa miaka hamsini na kitu, alirudi kutoka Tunduma akapaki, akala, akalala, asubuhi hakuamka. Msibani kila mtu anasema ni kazi ya kukaa, madereva hawatembei. Sawa, nikakubali. Hata arobaini haijafika, kuli mmoja pale soko la Sido, mtu wa kubeba lumbesa za viazi (yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo) tangu ujana wake na kitambi hana kabisa, kaanguka na gunia mgongoni. Hospitali wanasema presha ilikuwa juu muda mrefu na moyo umeshapanuka. Sasa nauliza, kama wa kukaa anaanguka na wa kubeba anaanguka, mwanaume afanye kazi gani? Msimamo wangu ni kwamba kazi ngumu SIO mazoezi, tunadanganyana tu. Karibuni.

Boda_Kabwe (#2)
Pole kwa misiba mkuu. Hapo mwisho napinga. Babu zangu Rungwe wamelima kwa jembe la mkono mpaka uzeeni na hakuna aliyekuwa anajua presha ni kitu gani. Kazi ndio dawa. Kinachotumaliza sisi ni chipsi mayai na kitimoto saa sita usiku.

Nesi_wa_Zamu (#3)
Boda_Kabwe, hawakujua presha kwa sababu hakuna aliyewapima. Presha haiumi, mtu anatembea nayo miaka yuko fresh tu halafu siku anaanguka shambani mnasema karogwa na jirani anayegombania naye mpaka. Wangapi kwenye huo ukoo walipooza upande mmoja? Fikiria vizuri kabla hujanijibu.

Boda_Kabwe (#4)
Nesi umenikamata pabaya, wawili nawakumbuka. Ila walikuwa wazee sana bwana.

Kijana_wa_Soweto (#5)
Kuna kitu nilisoma, Wamarekani waliwahi kupima madereva wa basi na makonda wao, wakakuta konda haumwi moyo kabisa kwa sababu anapanda na kushuka ngazi, dereva ndo anaumwa. Kwa hiyo jibu lipo, tembea tu.

Mwl_Mstaafu (#6)
Kijana wa Soweto umekaribia lakini turekebishe. Haikuwa Marekani, ni Uingereza, mabasi ya ghorofa ya London. Daktari aliitwa Jeremy Morris na matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1953. Walifuatilia wanaume kama 31,000 wa usafiri wa London wa miaka 35 hadi 64. Dereva muda mwingi wa zamu amekaa, konda anapanda na kushuka ghorofani kukata tiketi, ngazi kama 500 hadi 750 kwa siku. Na sio kwamba konda haumwi kabisa. Anaumwa, ila ni wachache kuliko madereva, huwapata wakiwa na umri mkubwa zaidi, na wakipata hawafi haraka kama madereva. Akalinganisha pia wafanyakazi wa posta, wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli dhidi ya wanaokaa ofisini na kwenye simu, picha ikawa ileile. Kitu kingine kinachonivutia ni kwamba Morris mwenyewe aliishi hadi mwaka 2009, akafariki na miaka 99.

Konda_Mafiati (#7)
Asante mwalimu. Mimi konda njia ya Mbalizi naomba nitetee kidogo. Konda wa London ana ghorofa ya kupanda, mimi nina Hiace. Kutwa nzima nimeinama mlangoni, shingo imekunjwa, mkono mmoja umeshika bomba, nimebanwa na abiria, napiga kelele. Nikishuka ni kusukuma watu, nikipanda nimeinama tena. Sitembei na wala sikai. Sasa hiyo inahesabika upande gani?

Ndizi_Mzuzu (#8)
Inahesabika upande wa kudai nauli mara mbili 😂

Konda_Mafiati (#9)
We Ndizi Mzuzu ndo wale wa kushukia kituo cha mbele ukasema "nimeshatoa".

Dereva_Tanzam (#10)
Nimesoma kuanzia juu, ngoja nami niongee maana dereva mnayemsema ndo mimi. Watu wanadhani kazi yetu ni kukaa tu kwenye kiti, kukaa ni nusu ya habari. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita mia tisa, unapanda mlima Kitonga na tani zako mguu unatetemeka, unafika Makambako baridi la mwezi wa saba linaingia mpaka kwenye mifupa, unakula saa tano usiku nyama choma na ugali na chumvi pembeni ya sahani, unalala kwenye kebini masaa matatu, bosi anapiga simu mzigo umefika wapi, unakunywa energy mbili, unawasha sigara usisinzie. Ukifika Tunduma mpakani foleni siku nzima au zaidi, umekaa hapohapo, choo shida, na unawaza mzigo usiibiwe. Halafu utingo wangu huyo huyo tunakula naye, tunalala naye, baridi letu moja, yeye ndo anafunga maturubai na kukagua matairi, anashuka kila kituo. Presha yake tulipimwa wote pale kwenye zahanati ya njiani, yake nzuri, yangu nikaambiwa nirudi. Ana miaka ishirini na saba, mimi hamsini na moja. Sasa niseme ni kukaa au ni umri au ni mawazo? Mimi mwenyewe sijui mnaposema kukaa mnakataje hayo mengine yote.

Mwl_Mstaafu (#11)
Dereva Tanzam, swali lako ndilo hasa waliloulizwa akina Morris. Watu walimwambia pengine wanaochagua udereva ni watu tofauti tangu mwanzo. Wakaenda kuangalia vipimo vya sare za kazi, na mwaka 1956 wakatoa matokeo kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vikubwa kuliko za makonda, hata kwa vijana. Maana yake unene mwingine walikuja nao kazini, haukutokana na kiti peke yake. Kwa hiyo hata yeye hakulifunga suala.

Fundi_Chenso (#12)
Hapo kwenye suruali nimeelewa kitu. Hata huku Mafinga ndivyo ilivyo. Kijana mwenye kifua hafifu hakai kwenye upasuaji mbao, miezi miwili anaondoka anaenda kuendesha bajaji. Wanaobaki ni wale wenye miili. Halafu mtu anakuja anatuangalia anasema "kazi ya mbao inajenga afya", kumbe afya ndo imekupitisha kwenye kazi ya mbao.

Mnyalu_Halisi (#13)
Fundi umeongea point kubwa kuliko wasomi wote humu. Salamu toka Ipogolo.

Nesi_wa_Zamu (#14)
Ni kweli kabisa Fundi. Na kuna upande wa pili wa hilo, mtu akianza kuumwa anaiacha kazi nzito na kwenda kukaa kibandani au kuwa mlinzi. Ukija kupima leo utakuta walinzi wanaumwa, wabebaji wazima, utasema ulinzi ndo unaua.

Mwana_Uyole (#15)
Lakini bado hamjagusa kuli wangu. Huyu hakuiacha kazi na mwili alikuwa nao.

Kijana_wa_Soweto (#16)
Mkuu nimerudi na nimeangalia vizuri safari hii 😅. Marekani nao walifanya wa kwao, kwa makuli wa bandari ya San Francisco. Mtafiti ni Paffenbarger, ilitoka 1975. Wanaume 6,351 wakafuatiliwa miaka 22. Waliokuwa na kazi nzito ya kubeba shehena, vifo vya moyo vilikuwa karibu nusu ya wenye kazi nyepesi na za wastani. Kwa hiyo kuli wa kule alikingwa na kazi yake. Wa kwetu kwann hakingwi?

Kuli_Sido (#17)
Ngoja mwenye kazi nijibu. Sisi tunaanza saa kumi usiku magari ya viazi yakiingia. Lumbesa inapita kilo mia, sheria inakataza lakini kila mtu anaijua. Unainama, wenzako wawili wanakupandishia mgongoni, unaziba pumzi, unakimbia nayo juu ya ubao mpaka kwenye gari, unatupa, unarudi. Hamna kupumzika kwa sababu unalipwa kwa gunia, ukikaa mwenzio anachukua. Saa nne asubuhi ndo tunakula. Tunakula ugali mkubwa, maharage yaliyokolea chumvi maana jasho limetoka. Jioni mgongo unawaka, unapita duka la dawa muhimu unanunua diklofenaki, kesho tena. Wengine humeza asubuhi kabla hata ya kuanza. Mkilala mnaamka kesho mnatuambia tufanye mazoezi ya kukimbia? Mguu wenyewe wa kukimbilia unatoka wapi?

Nesi_wa_Zamu (#18)
Kuli Sido nashukuru sana umeandika hivi maana ndani ya maelezo yako kuna mambo manne na ningependa watu wayaone.
Hiyo ya kuziba pumzi ukiwa na mzigo mzito, presha inapanda juu sana kwa sekunde hizo. Mzima anavumilia, lakini mwenye presha tayari, mishipa yake inapigwa kila gunia. Chumvi, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula VYOTE vya siku. Usingizi hamna. Na la nne ndilo linaniuma zaidi, diklofenaki. Kaka zangu hiyo dawa sio pipi. Ukiitumia kila siku inapandisha presha, inazuia mwili kutoa maji na chumvi, inachosha figo na inaongeza hatari ya shambulio la moyo. Tunapokea wanaume wa kazi nzito wa umri wa miaka arobaini, ukiuliza unatumia dawa gani anasema hakuna, ukimuuliza ya mgongo je, anatoa mfukoni.

Boda_Kabwe (#19)
Daah. Hiyo ya dawa sikuwahi kusikia. Sisi boda tunameza kwa ajili ya kiuno.

Tabibu_Igawilo (#20)
Nesi yuko sahihi. Niongeze jibu la #16. Kuna jina limepewa hili jambo, wanaita kitendawili cha mazoezi, na mtu aliyelichimba sana ni Andreas Holtermann wa Denmark. Mwaka 2021 wametoa matokeo ya watu 104,046 wa Copenhagen. Waliokuwa wakijishughulisha sana muda wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya kufa mapema, pungufu kwa 40% hivi. Waliokuwa na kazi nzito kupita zote, hatari ilikuwa juu kwa 27%, na mshtuko wa moyo na kiharusi juu kwa 35%. Maelezo yake ni kwamba mazoezi ni muda mfupi, moyo unakwenda mbio halafu unapumzika. Kazi ya kubeba ni masaa nane au kumi, moyo na presha viko juu mchana kutwa, hata usiku havishuki vizuri, na mtu hana hiari ya kusimama anapochoka. Angalieni makuli wa San Francisco, kazi yao ilikuwa ya kukurupuka kwa nguvu kwa vipindi. Kuli Sido anasema kwake hamna kupumzika. Nadhani tofauti iko hapo.

Mwana_Uyole (#21)
Nilisema mimi! Kazi ngumu sio mazoezi.

Mwl_Mstaafu (#22)
Mwana Uyole usishangilie mapema. Mwaka huo huo 2021 Wanorwe nao walitoa ya kwao, watu zaidi ya laki nne, na wanaume wa kazi za kutembea na kunyanyua hawakuonekana kuishi miaka michache kuliko wa kukaa, waliishi zaidi. Majirani hao, bahari inawatenganisha, na majibu hayafanani. Wanaopinga ya Denmark wanasema mtu wa kazi nzito mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, anavuta sigara zaidi, nyumba yake mbovu, na hayo huwezi kuyatoa yote kwenye hesabu hata ukijitahidi.

Fundi_Chenso (#23)
Kwa hiyo ni umaskini?

Mnyalu_Halisi (#24)
Kwa hiyo ni chakula. Niwaulize, wakata magogo wa Ulaya si ndio watu wa nguvu kuliko wote? Ufini, jimbo la Karelia Kaskazini, wanaume wa msituni na wakulima, wanakata miti kwenye theluji, lakini kwenye miaka ya sitini na sabini walikuwa wanakufa kwa moyo kuliko karibu nchi zote duniani. Wanakula siagi nene kwenye mkate, maziwa ya mafuta, nyama yenye chumvi, na sigara. Mwaka 1972 serikali ikaanzisha mradi, kiongozi daktari kijana anaitwa Pekka Puska, wakahangaika na siagi, chumvi na sigara kijiji kwa kijiji mpaka kwa akina mama na viwanda vya maziwa, vifo vikashuka sana. Shoka lilikuwa palepale. Fundi Chenso, hao ndo ndugu zako.

Fundi_Chenso (#25)
Ndugu zangu wananunua siagi, mimi nakula kande na ulanzi.

Mnyalu_Halisi (#26)
Ulanzi tuache kwanza, huo ni urithi 🤣

Tabibu_Igawilo (#27)
Urithi mzuri ila pombe nyingi kila siku inapandisha presha, iwe ulanzi, komoni, kimpumu au ya chupa. Moyo hauangalii ni ya asili au ya kiwandani.

Ndizi_Mzuzu (#28)
Kande sio tatizo jamani, tatizo ni kile kitimoto cha Jumamosi kinachozunguka meza nzima mpaka mwenye duka anaomba watu waondoke.

Binti_Kyela (#29)
Habari zenu. Nimewasoma kimya, nami nichangie kwa niaba ya wake zenu. Baba yangu alikuwa dereva, presha akapewa dawa. Akazitumia akajisikia vizuri, akaacha, akisema ameshapona na zinamharibia mambo ya ndani. Hakumwambia mama wala daktari. Alipata kiharusi njiani, tunashukuru gari lilikuwa limesimama. Sasa mnabishana kukaa na kubeba, kubisha kuzuri, lakini naona wanaume wengi wanajua wana presha na wanaificha. Kama dawa inakusumbua hapo unapopaogopa rudi ubadilishiwe, zipo aina nyingi.

Nesi_wa_Zamu (#30)
Binti Kyela asante sana. Hili wanaume hawalisemi kliniki mpaka nesi wa kike atoke chumbani.

Dereva_Tanzam (#31)
Pole dada. Umenigusa moja kwa moja, niko hapo hapo.

Konda_Mafiati (#32)
Mimi naona mnazunguka masaa ya kazi. Tabibu kasema masaa kumi. Konda mimi natoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi narudi saa nne usiku, jumapili nafanya kazi. Hesabu ni juu ya mia kwa wiki. Hakuna utafiti wa hilo?

Tabibu_Igawilo (#33)
Upo. WHO na Shirika la Kazi Duniani walitoa 2021, kufanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki kunaendana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35% na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo juu kwa 17%, ukilinganisha na wa masaa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 walikadiria vifo 745,000 duniani. Na hapo haijalishi umekaa au umesimama. Konda, dereva na kuli wote mko kwenye kapu hilo.

Kijana_wa_Soweto (#34)
Na je urefu toka usawa wa bahari? Mbeya tuko juu, mita 1,700 hivi, hewa nyepesi. Labda moyo unafanya kazi zaidi.

Mwl_Mstaafu (#35)
Huo urefu sio wa kutisha, na wenyeji wamezoea. Baridi naipa uzito zaidi. Baridi inabana mishipa na presha hupanda, hivyo mtu anayeendesha boda alfajiri ya mwezi wa sita bila koti kule Igawilo ana sababu ya kujihadhari. Lakini baridi inawapiga wote, inashindwa kueleza kwa nini huyu na sio yule.

Boda_Kabwe (#36)
Ndo maana navaa makoti mawili nikichekwa. Halafu mwalimu, Wahadzabe wa Eyasi je? Nao wanatembea kutwa.

Mwl_Mstaafu (#37)
Umeuliza vizuri. Wamepimwa, wana shughuli ya wastani na nzito kwa zaidi ya saa mbili kila siku, na presha kwao ni nadra hata uzeeni. Ila wanatembea, wanachimba mizizi, wanakaa wakichoka, hawabebi lumbesa kwa mkataba wa gunia, hawana foleni ya Tunduma, na chumvi ya dukani na sigara za pakiti sio maisha yao. Ukichukua moja tu kati ya hayo ukasema ndio sababu, utakuwa umechagua unachokipenda.

Mwana_Uyole (#38)
Mimi bado nasimama na kazi ngumu sio mazoezi. Lakini nakubali lumbesa ikipunguzwa na watu wakapumzika nusu saa kati, kazi ileile ingekuwa kitu kingine. Hiyo sheria ya kilo mia ingesimamiwa hapo sokoni ingeokoa mioyo kuliko kampeni za kukimbia asubuhi.

Mnyalu_Halisi (#39)
Tajiri wa viazi hatakubali. Lumbesa ndo faida yake.

Kuli_Sido (#40)
Tajiri hakubali na sisi wenyewe tunagombania. Nesi nina swali la maana. Kama nabeba toka saa kumi usiku, nikapime presha saa ngapi? Maana nikienda baada ya kazi naogopa watasema iko juu kwa sababu ya mzigo.

Nesi_wa_Zamu (#41)
Swali zuri sana. Usipime ukiwa umetoka kubeba. Nenda siku ambayo hujafanya kazi, au asubuhi kabla ya gunia la kwanza kama kuna kituo kilicho wazi. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono kwenye meza usawa wa moyo. Usivute sigara wala kunywa kahawa au energy nusu saa kabla. Kipimo cha mkono wa juu ni bora kuliko cha kifundo. Ikiwa 140 kwa 90 na kuendelea, rudia siku nyingine, ikijirudia hiyo ni presha. Na diklofenaki mtajie daktari kwa jina, usiseme "hakuna dawa".

Kuli_Sido (#42)
Sawa sista. Jumapili nitaenda, na wenzangu watatu nitawavuta.

Dereva_Tanzam (#43)
Na sisi wa barabarani? Jumapili mimi naweza kuwa Kapiri Mposhi, Zambia.

Tabibu_Igawilo (#44)
Beba kipimo chako kwenye kebini, pima ukiamka kabla hujawasha gari, andika kwenye daftari la safari pembeni ya kilomita. Na kila unaposimama kupima matairi zunguka gari mara kadhaa badala ya kumtuma utingo. Ukisikia kifua kinabana kama kimewekewa mzigo, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto au taya, na jasho la baridi, paki pembeni, piga simu, usijaribu kumalizia mlima.

Fundi_Chenso (#45)
Utingo akisoma hapa atafurahi, kazi ya matairi imeondoka.

Dereva_Tanzam (#46)
Hajaondokewa na chochote, maturubai bado ni yake. Ila tabibu, hiyo ya kutembea kuzunguka gari nakubali, mwenzenu nikiteremka magoti yanagoma kwanza. Hivi mafuta ya kwenye damu nayo wanapima zahanati au mpaka rufaa?

Tabibu_Igawilo (#47)
Zahanati nyingi hawana hicho kipimo. Hospitali ya wilaya uulize kwanza, ya mkoa na ya rufaa ya kanda pale Mbeya wanapima. Sukari yenyewe inapimwa hata zahanati, anza nayo wakati unatafuta nafasi.